Zaidi ya mshahara: namna ya kupima mafao katika ofa ya kwanza ya kazi

Barua ya ofa ya kazi huwa na tarakimu moja inayovuta macho, nayo ni mshahara. Mengine yote, yaani pensheni, bima ya afya, likizo, bonasi, posho na mafunzo, hubanwa katika aya moja au mbili chini yake, na wakati mwingine humalizwa kwa maneno mafupi kama "pamoja na marupurupu mengine ya kampuni". Anayeajiriwa kwa mara ya kwanza huisoma tarakimu kwa makini na aya ile kwa haraka, wala si ajabu, kwa kuwa tarakimu hulinganishwa na tarakimu nyingine papo hapo, ilhali marupurupu hayaonekani kuwa na kipimo. Kipimo kipo. Thamani ya fao haimo katika jina lake bali katika masharti yake: nani analilipia, linakokotolewa juu ya kiasi gani, linaanza kuwa lako lini, na siku utakapoondoka litabaki nawe au litabaki kwa mwajiri.

Kilicho haki na kilicho nyongeza

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mambo ambayo mwajiri analazimishwa na sheria kuyatoa na yale anayoyatoa kwa uamuzi wake mwenyewe. Barua nyingi huyachanganya, na si mara zote kwa bahati mbaya. Mwajiri anayetaja likizo ya mwaka yenye malipo, mchango wa hifadhi ya jamii na fidia ya ajali kazini kama vivutio vya ofa yake, katika nchi ambako yote matatu ni ya lazima, hajakuongezea chochote. Amekuarifu tu kwamba hakusudii kuvunja sheria. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha ofa mbili, ondoa kwanza katika orodha kila kilicho cha lazima, kisha pima kilichosalia. Wakati mwingine orodha ya mambo kumi hubaki na mawili.

Kwa anayetaka kujua kiwango cha chini kinachotambulika kimataifa, mikataba ya Shirika la Kazi Duniani ni rejea nzuri, ingawa inazifunga nchi zilizoiridhia tu na utekelezaji wake hupitia sheria za nchi husika. Mkataba Namba 102 wa mwaka 1952 unataja matawi tisa ya hifadhi ya jamii: matibabu, ugonjwa, ukosefu wa ajira, uzee, madhara yatokanayo na kazi, familia, uzazi, ulemavu na wategemezi wa marehemu. Mkataba Namba 132 wa mwaka 1970 unaweka likizo ya mwaka isiyopungua wiki tatu za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, na unataka sikukuu za umma zisihesabiwe ndani ya likizo hiyo. Mkataba Namba 183 wa mwaka 2000 unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Ofa iliyo chini ya viwango hivi haimaanishi lazima kwamba mwajiri amevunja sheria ya nchi yake, lakini inakuonyesha umesimama wapi.

Inafaa pia kufahamu kwa nini fao moja ni haki ya kila mtu katika nchi moja na ni hisani ya mwajiri katika nchi nyingine. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, na tangu hapo matibabu yakajengwa juu ya michango ya lazima ya mwajiri na mfanyakazi. Marekani ilipita njia nyingine: mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ilizuia mishahara isipandishwe lakini ikaacha nje ya zuio hilo bima na pensheni za kiasi cha wastani, hivyo waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kuwavuta kwa bima ya afya. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hiyo hauhesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi, na mtindo ukaota mizizi. Matokeo yake ni kwamba fao lile lile linaweza kuwa la thamani kubwa katika ofa ya nchi moja na likawa karibu si kitu katika nchi nyingine ambako kila mkazi anatibiwa kwa mfumo wa umma. Anayelinganisha ofa ya nyumbani na ya ng'ambo asizihamishe tarakimu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuuliza serikali yenyewe inatoa nini.

Kuna swali linalotangulia hata hili, nalo ni kama unachopewa ni ajira kweli. Siku hizi, hasa katika kazi zinazofanyika kwa njia ya mtandao, ofa nyingi humwita mtu mtoa huduma wa kujitegemea badala ya mwajiriwa, hata pale anapopangiwa saa, msimamizi na vifaa. Malipo huonekana manono, kwa sababu mwajiri ameziondoa gharama zote nyingine na kukutupia wewe: pensheni yako, bima yako, siku zako za ugonjwa na likizo yako, vyote sasa vinatoka katika kiasi hicho hicho. Malipo ya namna hiyo yanapaswa kuwa makubwa kuliko mshahara wa mwajiriwa, na kwa kiasi kinachozidi hata jumla ya gharama hizo, kwa kuwa mtu mmoja hununua bima kwa bei mbaya kuliko kundi.

Mshahara wa msingi ndio mzizi wa mengine

Kama ningeruhusiwa kumwelekeza msomaji wa ofa kwenye mstari mmoja tu, ningemwelekeza kwenye ule unaogawa malipo kati ya mshahara wa msingi na posho. Mafao mengi hukokotolewa juu ya mshahara wa msingi peke yake: mchango wa pensheni, malipo ya saa za ziada, bonasi, kiinua mgongo, malipo ya notisi, na mara nyingi malipo wakati wa ugonjwa. Zipo nchi ambazo sheria zao hukokotoa baadhi ya haya juu ya malipo yote kwa jumla, na hilo ni la kuthibitisha, lakini tofauti hiyo ndiyo inayofanya ofa mbili zinazokaribiana ziwe tofauti kabisa.

Tuchukue mfano, kwa sarafu yoyote ile. Ofa ya kwanza inatoa mshahara wa msingi wa 1,000 kwa mwezi, bila posho. Ofa ya pili inatoa jumla ya 1,100, lakini msingi wake ni 600, na 500 iliyobaki ni posho za makazi, usafiri na mawasiliano. Kwa kuangalia juu juu, ya pili imeizidi ya kwanza kwa 100. Sasa tuseme mwajiri anachangia asilimia 10 ya mshahara wa msingi katika pensheni. Ofa ya kwanza inapata 100 zaidi na ya pili 60, hivyo jumla zinakuwa 1,100 na 1,160, na pengo limeshuka hadi 60. Kama kila mwisho wa mwaka kuna bonasi ya mshahara wa msingi wa mwezi mmoja, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni takriban 83 upande mmoja na 50 upande wa pili, jumla zinakuwa kama 1,183 na 1,210. Tuongeze saa 10 za ziada kwa mwezi, zinazolipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa katika wiki ya saa 40: ofa ya kwanza inaongezewa takriban 87 na ya pili 52. Hapo ya kwanza imefika kama 1,270 na ya pili 1,262. Ile 100 imeyeyuka yote, na hatujagusa kiinua mgongo wala malipo ya siku za ugonjwa.

Mfano huu hausemi kwamba posho ni mbaya. Mtu asiye na saa za ziada, asiye na ahadi ya bonasi, na anayehitaji fedha mkononi mapema ili apange nyumba anaweza kuichagua ofa ya pili kwa haki kabisa. Unachosema ni kwamba uamuzi ufanywe baada ya hesabu. Posho zina udhaifu mwingine pia: aghalabu ni rahisi kuzibadilisha au kuzifuta kuliko mshahara wa msingi, hasa zinapokuwa zimetajwa katika kanuni za utumishi za kampuni na si katika mkataba wenyewe.

Kuhusu kodi, inatosha kukumbuka kwamba fao linalotolewa kwa kitu, kama nyumba, gari au simu, linaweza kuhesabiwa kuwa kipato na kukatwa kodi, na kwamba mshahara unaotajwa katika ofa karibu kila mara ni ule wa kabla ya makato. Omba ukokotolewe mfano wa hati ya mshahara wa mwezi mmoja. Idara ya utumishi inayoshindwa kuutoa imekwishakujibu swali jingine ambalo hukuliuliza.

Pensheni, fao ambalo kijana hulipuuza

Mtu mwenye miaka 23 huiona pensheni kama jambo la watu wengine, na hapo ndipo anapopoteza zaidi, kwa kuwa katika akiba ya muda mrefu kinachofanya kazi kubwa ni miaka kuliko kiasi. Anayewekewa 100 kila mwezi kwa miaka 40, katika mfuko unaozalisha asilimia 5 kwa mwaka na faida ikiongezwa kila mwezi, atakuwa na takriban 152,600, ingawa kilichochangwa ni 48,000 tu. Akichelewa miaka 10 na kuchangia kwa miaka 30, atakuwa na takriban 83,200. Michango aliyoikosa ni 12,000. Alichokipoteza ni karibu 69,400. Mfumuko wa bei na ada za uendeshaji zitaimega hesabu hii, na hakuna mfuko unaoahidi asilimia 5 kila mwaka bila kuyumba, lakini uwiano kati ya matokeo hayo mawili ndio unaostahili kuzingatiwa.

Pensheni zinazotolewa kupitia kazi ziko za namna mbili kuu. Katika ya kwanza, malipo ya uzeeni hupatikana kwa kikokotoo kinachozingatia miaka ya utumishi, mshahara na kiwango fulani cha asilimia. Hatari ya soko ni ya mfuko, si yako. Katika ya pili, mwajiri na mfanyakazi huchangia kwenye akaunti ya mfanyakazi, michango inawekezwa, na utakachopata ni kile kitakachokuwamo. Hatari ya soko ni yako. Ile ya kwanza humfaa anayekusudia kukaa, kwa sababu kwa kawaida huweka idadi ya chini ya miaka ya kuchangia kabla mtu hajastahili pensheni ya kila mwezi. Ya pili humfaa zaidi anayetarajia kuhama hama, ilimradi akiba iweze kuhamishwa naye.

Swali linalosahaulika ni lini mchango wa mwajiri unakuwa mali yako. Mchango wako mwenyewe ni wako tangu siku ya kwanza, lakini wa mwajiri unaweza kufungwa kwa muda. Nchini Marekani, kwa mipango ya akiba ya kustaafu ya namna ya pili, sheria inamruhusu mwajiri kuuzuia mchango wake wote hadi mfanyakazi atimize miaka 3, au kuuachia kidogo kidogo hadi mwaka wa 6. Anayeondoka mapema huacha sehemu hiyo nyuma. Kwa kuwa wengi hawadumu katika kazi ya kwanza, ahadi ya mchango mkubwa unaofungwa kwa miaka 3 inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko mchango mdogo ulio wako mara moja.

Pale ambapo mwajiri anachangia kwa sharti la wewe kuchangia, kwa mfano anaweka kiasi sawa na chako hadi asilimia 5 ya mshahara, kutochangia kiasi hicho ni kukataa sehemu ya mshahara. Uingereza, tangu mwaka 2012, ilianza kuwaingiza wafanyakazi wanaotimiza masharti katika pensheni za kazini moja kwa moja, na kiwango cha chini sasa ni asilimia 8 ya sehemu ya kipato inayohesabiwa, ambapo mwajiri hutoa angalau asilimia 3. Mfanyakazi anaruhusiwa kujitoa. Akijitoa, kwa kawaida na ile asilimia 3 ya mwajiri inakwenda zake.

Bima ya afya: soma mipaka kabla ya faida

Maneno "bima ya afya kwa mfanyakazi na familia" yanaweza kuficha mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Bima moja inakulaza hospitali kwa upasuaji mkubwa bila kukutoa fedha mfukoni; nyingine inaishia kwenye vipimo na dawa za malaria na mafua, kisha inakuacha mlangoni mwa wodi. Kinachozitofautisha kimo katika jedwali la mafao, waraka ambao hauambatanishwi na ofa mpaka uombwe.

Katika jedwali hilo anza na kikomo cha mwaka, na uangalie kama kimegawanywa kati ya matibabu ya kawaida na ya kulazwa. Kisha tazama kama kikomo ni cha kila mtu au ni cha familia nzima. Kikomo cha 5,000 kinachotumiwa na watu wanne kwa pamoja si sawa na cha 3,000 kwa kila mmoja, ingawa tarakimu ya kwanza inaonekana kubwa zaidi. Baada ya hapo tazama sehemu ya gharama utakayochangia mwenyewe, ambayo huja kwa sura mbili: kiasi maalumu unachopaswa kulipa kwanza kabla bima haijaanza kulipa, na asilimia unayolipa katika kila huduma baada ya hapo. Bima ambayo mwajiri anaigharamia yote lakini inakutaka uchangie asilimia 20 ya kila matibabu inaweza, mwaka utakapougua, kukugharimu kuliko bima ambayo unakatwa kiasi kidogo kila mwezi.

Mipaka ya muda ndiyo inayoumiza wapya. Baadhi ya waajiri hawamwingizi mtu katika bima mpaka amalize kipindi cha majaribio, na baadhi ya bima zina kipindi cha kusubiri kabla ya kugharamia uzazi au magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Mwenye pumu, kisukari au selimundu ana sababu ya kuuliza hili kuliko swali jingine lolote katika ofa, na anaweza kuliuliza bila kutaja ugonjwa wake: aombe tu nakala ya orodha ya mambo yasiyogharamiwa. Vilevile, neno "familia" lina mipaka yake. Kwa bima nyingi humaanisha mwenzi na watoto hadi umri fulani. Wazazi hawamo, au wamo kwa malipo ya ziada. Kwa kijana ambaye bado hana mwenzi wala watoto lakini anawatunza wazazi, fao linalosifiwa sana linaweza kumfaa yeye peke yake.

Mwisho, hospitali zinazopokea bima hiyo zina uzito kuliko ukubwa wa kikomo. Angalia kama kituo kilicho karibu na unapoishi kimo katika orodha, na kama kuna hospitali ya rufaa ndani yake.

Sambamba na bima ya afya, waajiri wengi huweka bima ya maisha ya kundi, inayolipa mara kadhaa ya mshahara wa mwaka mfanyakazi akifariki. Ni fao jema kwa mwenye wategemezi. Kwa asiye nao, lenye maana zaidi ni lile linaloendelea kumlipa mtu akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ajali, ambalo hutajwa kwa sauti ndogo. Hapo tafsiri ya ulemavu ndiyo kila kitu: kuna bima zinazolipa ukishindwa kufanya kazi yako, na kuna zinazolipa ukishindwa kufanya kazi yoyote ile. Mpasuaji aliyepoteza vidole anaweza bado kufundisha, na kwa bima ya namna ya pili hilo linatosha kumnyima malipo.

Muda nao ni malipo

Siku za likizo zinaweza kugeuzwa tarakimu kwa urahisi. Mwaka una takriban siku 260 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hivyo mshahara wa 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, ni kama 46 kwa siku. Ofa yenye siku tano zaidi za likizo imekupa thamani ya takriban 231, karibu asilimia 2 ya mshahara wa mwaka. Si kubwa, lakini ni zaidi ya posho nyingi zinazopigiwa tarumbeta.

Saa za kazi zina uzito mkubwa kuliko likizo, na hazitajwi kwa mkazo unaostahili. Mshahara wa 1,000 kwa wiki ya saa 40 ni takriban 5.77 kwa saa. Mshahara wa 1,100 kwa wiki ya saa 48 ni takriban 5.29. Anayechagua ya pili amekubali kulipwa pungufu kwa kila saa, na kufanya kazi saa zaidi ya 400 za ziada kwa mwaka. Uliza pia kama cheo chako kina haki ya malipo ya saa za ziada, kwa kuwa baadhi ya sheria huwaondoa wenye majukumu ya usimamizi, na hapo cheo cha "ofisa msimamizi" kwa mtu asiyemsimamia yeyote huanza kueleweka kilitoka wapi.

Katika likizo, masharti ya kuangalia ni kama siku zisizotumika huvukia mwaka unaofuata, hulipwa, au hufutika. Kampuni chache hutangaza likizo isiyo na kikomo. Inavutia kuisikia, lakini mahali pasipo na idadi hapana akiba ya siku, hivyo anayeondoka anaweza asiwe na chochote cha kulipwa, na kinachoamua ni tabia ya ofisi. Swali zuri ni kuuliza wenzako watarajiwa walichukua siku ngapi mwaka uliopita.

Ahadi zenye kamba

Yapo mafao yanayotolewa leo lakini yamefungwa kwenye siku zijazo. Bonasi ya kujiunga inaweza kudaiwa irudishwe ukiondoka kabla ya mwaka. Masomo yanayolipiwa na mwajiri mara nyingi huja na sharti la kumtumikia kwa muda fulani baadaye, la sivyo urejeshe gharama. Sharti hilo si dhuluma lenyewe kwa lenyewe, ila liwe na mizani: deni lipungue kadiri unavyoendelea kutumikia, lihusu gharama halisi zilizoandikwa, na lisikubane pale mwajiri mwenyewe anapokuachisha bila kosa lako. Mkataba unaokudai gharama yote hata ukiwa umebakiza mwezi mmoja unakuzuia kuondoka zaidi ya unavyokusomesha.

Bonasi ya mwaka isomwe kwa kutazama kitenzi. "Utalipwa" asilimia fulani ukifikia malengo yaliyoandikwa ni ahadi. "Unaweza kulipwa, kwa hiari ya uongozi" ni matumaini, na katika kulinganisha ofa ihesabiwe sifuri. Tofauti na hiyo ni mshahara wa mwezi wa 13, yaani mshahara mmoja wa ziada kwa mwaka, ambao katika nchi kama Brazil, tangu mwaka 1962, na Ufilipino, tangu mwaka 1975, ni haki ya kisheria na kwa hiyo hauwi tena nyongeza ya mwajiri.

Hisa za kampuni, zinazotolewa sana na kampuni changa za teknolojia, kwa kawaida huiva kwa miaka minne, na hakuna hata moja inayokuwa yako kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Hisa za kampuni isiyouzwa sokoni hazina bei unayoweza kuitegemea. Zaidi ya hapo, mshahara wako tayari unaitegemea kampuni hiyo, na kuirundikia na akiba yako ni kuongeza hatari mahali palepale. Enron ya Marekani ilipofilisika Desemba 2001, wafanyakazi wengi walipoteza kazi na akiba ya uzeeni kwa mpigo mmoja, kwa sababu zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa katika mpango wao wa akiba zilikuwa hisa za kampuni hiyo hiyo.

Kuuliza kabla ya kutia saini

Wengi huogopa kuuliza kwa hofu kwamba ofa itaondolewa. Mwajiri makini haondoi ofa kwa sababu ya swali la heshima, na kwa kawaida huwa anayatarajia maswali. Yaandike kwa barua pepe, yawe machache, na yaelekezwe kwenye nyaraka: "Nashukuru kwa kunipa nafasi hii na nina hamu ya kujiunga nanyi. Kabla ya kutia saini, naomba kupatiwa jedwali la mafao ya bima, kanuni za utumishi, na ufafanuzi wa tarehe ambayo mchango wa pensheni utaanza. Naomba pia kufahamu mwisho wa kutoa jibu." Ujumbe wa namna hii hauombi nyongeza yoyote, lakini majibu yake ndiyo yatakayokupa nguvu ya kuomba.

Katika kuomba, fahamu kinachonyumbulika. Viwango vya pensheni na aina ya bima huwa sawa kwa wafanyakazi wote wa daraja moja, na meneja anayekuajiri hana uwezo wa kuvibadilisha kwa ajili yako. Anachoweza kuamua mara nyingi ni tarehe ya kuanza, sehemu ya posho kuhamishiwa katika mshahara wa msingi, gharama za kuhama, siku za kufanyia kazi nyumbani, bajeti ya mafunzo, na mapitio ya mshahara baada ya kipindi cha majaribio. Hilo la mwisho liandikwe pamoja na mwezi wake. Kila kilichokubaliwa kwa simu kiandikwe, kwa kuwa mikataba mingi huwa na kifungu kinachosema kwamba mkataba huo ndio makubaliano yote baina ya pande mbili, na kifungu hicho hufuta maneno mazuri yote ya siku ya usaili.

Ukishaanza kazi, mambo mawili hubaki. La kwanza ni kuilinganisha hati ya mshahara wa kwanza na barua ya ofa, kisha, baada ya mwezi au miwili, kuomba taarifa ya michango moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wa pensheni, maana makato kuonekana kwenye hati si uthibitisho kwamba fedha zimefika. La pili ni fomu ya wanufaika wa bima ya maisha na pensheni, ambayo hujazwa haraka haraka siku ya kwanza pamoja na makaratasi mengine: jaza majina kamili, andika mgawanyo kwa asilimia, weka nakala yake nyumbani, na uibadilishe kila unapooa au kuolewa, unapopata mtoto, au aliyeandikwa humo anapofariki.